JICHO BAADA YA HOMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Sio Port



Katibu aliponiomba nizungumze juu ya afya, aliniachia nichague jambo nilipendalo. Nimechagua jicho. Sikulichagua kwa sababu ya elimu kubwa, maana mimi si daktari. Nilikuwa mtumishi mdogo wa afya kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu kama wengi wenu. Nimelichagua kwa sababu jicho langu la kushoto halioni. Hilo nyote mwalijua. Walakini ni wachache wajuao jinsi lilivyopotea, na kila ninapozitazama hesabu za chama chetu naona kwamba habari hiyo yatuhusu sote.

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, katika miaka ya 1960, surua, ambayo wengi wetu hapa twaiita ukambi, iliingia bomani kwetu. Tuliugua watoto wanne. Mmoja hakuinuka tena. Sisi watatu tulipata nafuu. Homa ikashuka, vipele vikakauka, na baba akachinja jogoo kushukuru. Siku ile ile ya jogoo macho yangu yalikuwa mekundu, nami sikuweza kuvumilia mwanga ulioingia mlangoni. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kuondoka. Jirani mmoja mwenye huruma alichuma majani, akayakamua, akanitia maji yake machoni asubuhi na jioni kwa siku tatu. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilifanya kidonda, kidonda kikawa kovu jeupe, na kovu hilo ndilo mnaloliona hata leo.

Simlaumu jirani yule. Alitoa alichokuwa nacho. Lakini nimeishi zaidi ya miaka hamsini nikijiuliza: kama siku ya jogoo mtu mmoja tu angalisema, "Mtoto huyu na apelekwe hospitali," je, nisingalikuwa na macho mawili?

Basi hili ndilo neno langu la leo, nanyi mkisahau mengine yote, naomba mlishike hili moja: homa ikiisha kuondoka mwilini, jicho laweza kuwa lingali hatarini. Siku ile tunayoshukuru kwamba mgonjwa wetu amepona, ndiyo siku ya kumtazama machoni.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini iwe hivyo.

Magonjwa nitakayoyataja yaletwa na virusi, navyo ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko vile vya kidonda kilichooza. Jicho nalo ni kama nyumba iliyofungwa. Mbele pana dirisha la kioo safi, ambalo waganga huliita konea. Nyuma ya kioo hicho pana pazia lenye tundu katikati, na tundu hilo ndilo ile mboni nyeusi tunayoiona. Gizani hupanuka, na penye mwanga hujibana. Nyuma ya pazia pana lenzi, na kwenye ukuta wa nyuma pana wavu unaopokea picha na kuipeleka ubongoni. Kisha kuna utando wenye mishipa mingi ya damu unaolilisha jicho, na lile pazia ni sehemu ya utando huo. Utando huu ukivimba, waganga huita yuveitisi. Mimi nitasema tu uvimbe wa ndani ya jicho.

Mguu wa mtu ukiingiwa na vijidudu, askari wa damu hukimbilia hapo kwa wingi. Mguu huvimba, huuma, hutoa usaha, kisha hupona, na mwenyewe akarudi shambani. Jicho haliwezi kustahimili vita vya namna hiyo, kwa sababu likivimba ndani hata kidogo, kioo chake huingia ukungu. Kwa hiyo Muumba ameliwekea jicho desturi yake: askari wa damu huingia humo kwa kipimo na kwa kubisha hodi. Faida yake ni kwamba jicho hubaki safi. Hasara yake ni kwamba adui aliyekwisha kupenya aweza kujificha humo hata baada ya damu kusafika kabisa. Tena kuna madhara ya pili: pengine kirusi chenyewe kimekwisha kufa, lakini askari walioingia huendelea kupigana na mabaki yake, na vita hivyo ndivyo vinavyoibomoa nyumba.

Nitataja magonjwa matatu yanayotuonyesha jambo hili: la kwanza ni la watoto wetu, la pili ni la watu wazima, na la tatu ni la mipakani.

La kwanza ni surua. Ugonjwa huu huyashika macho tangu mwanzo, hata kabla vipele havijaenea, ndiyo sababu mtoto mwenye surua huwa na macho mekundu yanayotoa machozi na kukimbia mwanga. Kwa mtoto aliyelishwa vema, mara nyingi hali hiyo hupita. Lakini surua huila upesi akiba ya vitamini A iliyomo mwilini, na jicho lisilo na vitamini hiyo hukauka, kioo chake hulainika, na mwisho hutoboka. Aidha surua humpunguzia mtoto nguvu, kikaamka kirusi kile kiletacho malengelenge ya mdomoni, nacho kikafanya vidonda juu ya kioo cha jicho. Na juu ya hayo yote huja mkono wetu wenyewe, wenye maji ya majani, maziwa ya mama, au unga wa dawa usiojulikana.

Haya siyatungi mimi. Waganga wa macho huko Tanzania waliwachunguza watoto 130 waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, na habari zao zikachapishwa mwaka 1987. Katika kila watoto 100, watoto 37 walikuwa wametoka kuugua surua. Na sababu walizozikuta kwa watoto hao wa surua zilikuwa ndizo hizo hizo: upungufu wa vitamini A, kirusi cha malengelenge, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, nilikaa kimya muda mrefu, maana nilijiona mimi mwenyewe miongoni mwa wale watoto.

Lakini yako ya kutufariji. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza katika Kenya mwaka 1980, na siku hizi mtoto huchanjwa surua anapotimiza miezi 9, kisha mara ya pili akiwa na miezi 18. Kuna mama wengi wanaompeleka mtoto mara ya kwanza wakaisahau ya pili. Mama zetu, chanjo ya pili si ya kujipendekeza kwa muuguzi. Hiyo ndiyo inayowakinga wale ambao ya kwanza haikuwashika. Na mtoto akishikwa na surua juu ya hayo, apaswa kupewa vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili, na kama macho yake yana dalili mbaya, apewe mara ya tatu baada ya majuma kadhaa. Mzazi asione haya kuuliza: "Je, mwanangu amepewa vitamini yake?" Nyumbani nako twayo dawa shambani na sokoni: mboga za majani kama kunde, mchicha na mrenda, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai na embe, mayai na maini, na omena wetu wanaoliwa wazima. Mtoto anayekula hivyo, surua ikimjia humkuta na akiba.

La pili ni ule ugonjwa uitwao mkanda wa jeshi. Mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni hadhani kwamba kirusi chake bado anacho. Lakini kirusi kile hakikutoka. Kilirudi nyuma kikalala katika mizizi ya mishipa ya fahamu, na chaweza kulala humo miaka arobaini au hamsini. Mwili ukichoka kwa uzee au kwa ugonjwa, huamka na kuufuata mshipa mmoja, upande mmoja tu wa mwili. Mara nyingi hutokea kifuani au kiunoni, ndipo kikapewa jina la mkanda. Lakini pengine huufuata mshipa wa kipaji cha uso, na hapo jicho huwa njiani pake.

Mvuvi mmoja wa ufuoni kwetu, ambaye sitamtaja jina, alishikwa na maumivu ya kipaji upande wa kulia, yakichoma kama moto. Siku ya tatu yalitoka malengelenge tangu utosini hadi kwenye kope, na machache kwenye ncha ya pua. Wengine walinena kwamba amepitiwa na buibui usiku; wengine walinena neno baya zaidi, wakamtazama vibaya ndugu yake aliyegombana naye juu ya nyavu. Alinunua chupa ya dawa ya matone dukani, akatia, akangoja. Malengelenge yalikauka, naye akarudi ziwani akisema amepona. Siku chache baadaye jicho likawa jekundu, likauma ndani kabisa, na kila taa aliyoitazama usiku ikawa na duara la ukungu. Alipofika hospitali majuma yalikuwa yamepita. Jicho lile sasa hutambua mchana na usiku tu, na ugomvi na ndugu yake haujaisha hata leo.

Ndugu wanachama, laiti mmoja wetu angaliijua ncha ya pua! Daktari Mwingereza aitwaye Jonathan Hutchinson aliandika zaidi ya miaka 150 iliyopita kwamba malengelenge ya mkanda wa jeshi yakifika kwenye ncha au ubavu wa pua, jicho nalo li hatarini, kwa maana mshipa unaolisha ngozi ile ni tawi la mshipa uingiao jichoni. Pasipo dawa, karibu nusu ya watu wanaopatwa na mkanda wa jeshi wa kipajini huumia jicho. Dawa ipo, iitwayo asiklovia, ambayo ni vidonge vya kumeza. Nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatoke. Siku tatu tu! Kwa hiyo mwenye malengelenge ya kipajini asingoje siku ya soko. Na hata akiisha kumeza dawa, na ngozi ikiisha kukauka, arudi aangaliwe jicho, kwa kuwa uvimbe wa ndani na presha ya jicho huweza kuja nyuma, majuma baadaye. Tena mgonjwa akiwa kijana, muuguzi akimshauri apime virusi vya ukimwi, asione kwamba ametukanwa. Mkanda wa jeshi kwa kijana huenda ukawa ni mwili unaoomba msaada, na ajuaye mapema huishi.

La tatu ni la mipakani, nalo ni ebola. Naona wengine mmekunja nyuso. Mto Sio unatugawa na ndugu zetu wa Uganda, na toka ufuoni hapa mitumbwi yenda Majanji na kurudi kila siku. Ndugu zetu wameoa huko, na wa huko wameoa kwetu. Kila mara ugonjwa huo ulipotangazwa Uganda, kama ulivyotangazwa Mubende mwezi wa Septemba 2022 na Kampala mwezi wa Januari 2025, hofu ilifika hapa kabla ya gazeti, na watu wakapimwa joto la mwili pale Busia na Malaba. Twajua namna ya kuuogopa ugonjwa huo. Lakini je, twajua namna ya kumpokea aliyepona?

Katika mji wa Kikwit, nchini Kongo, mwaka 1995, watu 315 waliugua ebola, na wengi sana walikufa. Waganga waliwafuata watu 20 waliopona ili waone afya yao. Watatu kati yao, pamoja na mmoja mwingine asiyekuwa katika hesabu ile, walikuwa wamekaa wazima mwezi mmoja, kisha macho yakaanza kuuma, kukimbia mwanga, kutoa machozi na kuona ukungu. Wote wanne walikutwa na uvimbe wa ndani ya jicho. Walipewa dawa za matone, atropini na dawa za kutuliza uvimbe, na wote wanne walipata nafuu. Angalieni mambo mawili hapo: jicho liliugua baada ya mtu kuhesabiwa kuwa amepona, na dawa iliyolisaidia ilikuwa ya matone tu, haikuwa ya ajabu wala ya bei kubwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuwafuata na kuwauliza habari za macho yao.

Uganda yenyewe iliyaona hayo. Mwaka 2000 ugonjwa ulizuka Gulu, watu 425 wakaugua na 224 wakafa. Mwaka 2007 ulizuka Bundibugyo, na waliopona huko walipochunguzwa zaidi ya miaka miwili baadaye, maumivu ya macho na ukungu wa kuona vilikuwa vingi kwao kuliko kwa jirani zao ambao hawakuugua. Ulipokuja ule ugonjwa mkuu wa Afrika Magharibi, waganga walichunguza watu 277 waliopona katika Port Loko, Sierra Leone. Watu 18 katika kila 100 walikuwa na uvimbe wa ndani ya jicho.

Yuko na daktari mmoja ambaye habari zake zimeandikwa duniani kote, Ian Crozier. Alikuwa akifundisha waganga Kampala, akaenda kuwasaidia wagonjwa wa ebola katika Kenema, Sierra Leone, naye akaambukizwa mwezi wa Septemba 2014. Alipelekwa Marekani akiwa mahututi, akatibiwa Atlanta, akapona, damu yake ikapimwa ikawa safi. Mwezi wa Desemba jicho lake la kushoto likaingia maumivu na presha. Waganga walipochota maji kidogo kutoka ndani ya jicho walikikuta kirusi cha ebola humo, majuma tisa baada ya damu kuwa safi. Hata rangi ya jicho lake ikabadilika kutoka buluu ikawa kijani. Alitibiwa kwa dawa kali na kwa uvumilivu, na nuru ya jicho ikamrudia.

Lakini sikilizeni jambo lililo kubwa kwetu kuliko hilo la rangi. Machozi yake yalipopimwa, na uso wa nje wa jicho lake, hakikuonekana kirusi chochote. Adui alikuwa amefungiwa ndani. Kwa hiyo jicho la mtu aliyepona ni jambo la kumtahadharisha mganga anayetaka kulipasua. Si jambo la kumfanya jirani akatae kumpa mkono, wala mwenye mtumbwi akatae kumvusha. Katika Kongo ya mashariki ugonjwa huo ulidumu tangu Agosti 2018 hata Juni 2020; watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na zaidi ya 1,100 wakapona. Mwaka 2019 kliniki ya macho ilifanywa Beni kwa ajili ya waliopona, vita na hofu vikiwa vingali vimeizunguka. Ikiwa watu wa Beni waliweza kufuata macho ya wenzao katika hali ile, sisi tulio katika amani tutasema nini?

Sasa niseme kidogo juu ya macho mekundu yale ya kawaida, maana najua swali hilo laja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Dar es Salaam na Mombasa yalienea macho mekundu yenye kuwasha na tongotongo, na watu wengi wakashtuka. Mara nyingi ugonjwa wa namna ile nao huletwa na kirusi, na huisha wenyewe kwa juma moja au mawili. Dawa yake kubwa ni kunawa mikono, kutoshirikiana taulo, na kutolisugua jicho. Kwa hiyo si kila wekundu ni hatari. Dalili za hatari ni hizi: maumivu ya ndani na si kuwasha tu, kuchukia mwanga, kuona ukungu au kupungua kwa nuru, doa jeupe juu ya kioo, mboni isiyo ya duara au isiyolingana na mwenzake, na malengelenge karibu na jicho au puani. Mwenye dalili moja katika hizo, na hasa kama ametoka katika homa majuma au miezi iliyopita, huyo haendi dukani. Huyo aenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nasema asiende dukani kwa sababu nzito. Ziko dawa za matone za jamii ya steroidi, ambazo hutuliza uvimbe upesi na kulifanya jicho jekundu liwe jeupe. Mganga wa macho akizitia katika uvimbe wa ndani, baada ya kupima, huliokoa jicho. Lakini mtu akizitia mwenyewe juu ya kidonda kilichofanywa na kirusi cha malengelenge, kidonda hula kioo upesi zaidi huku jicho likionekana limepoa. Na atiaye siku nyingi bila kuangaliwa, hupata presha ya jicho au mtoto wa jicho. Chupa ni moja; kwa mmoja ni dawa, kwa mwingine ni upofu. Macho yetu ya kawaida hayawezi kubagua. Ataweza mwenye taa na kioo cha kupimia.

Bwana Mwenyekiti, sasa naja kwenye hesabu zetu, nanyi mnivumilie.

Katika kitabu hiki cha mwaka, kama katika vitabu vya miaka iliyotangulia, fungu la mazishi ni kubwa kuliko mafungu mengine yote. Mwanachama akifa, twanunua sanduku, twakodi gari, twapika. Ni desturi njema, wala siji kuivunja. Mimi mwenyewe nataka kuzikwa vizuri. Lakini yule mvuvi niliyemtaja ni mwenzetu. Nilipomwuliza kwa nini alichelewa, hakunijibu kwamba alikuwa mjinga. Alinijibu, "Nauli." Chama kile kile ambacho siku moja kitalisafirisha sanduku lake bila kunung'unika hakikuwa na kanuni ya kulisafirisha jicho lake. Twasema sisi ni chama cha maendeleo na usaidizi. Je, twamsaidia mtu akiisha kutangulia tu?

Kwa hiyo naweka mbele ya mkutano mambo matatu, mkaamue wenyewe.

Kwanza, kutoka katika fungu la mazishi litengwe fungu dogo la nauli ya macho. Mwanachama au mtoto wake mwenye dalili za hatari nilizozitaja apewe nauli siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao cha kamati, kwa sahihi ya mzee wa mtaa na ya Mtunza Hazina. Aanzie hospitali yetu ya Sio Port, au Busia. Na wakimwandikia barua ya kwenda mbele, nauli imfikishe hospitali ya macho ya Sabatia huko Vihiga, au ya Wabenediktini huko Tororo, ng'ambo ya mpaka.

Pili, kila mtaa uwe na mama mmoja na mzee mmoja wa kukumbuka. Kazi yao ni ndogo: mtu akiugua surua, tetekuwanga, mkanda wa jeshi au homa kubwa yoyote, wamzuru baada ya majuma mawili, na tena baada ya mwezi. Wamwulize maswali matatu: Je, macho yauma? Je, mwanga wakuudhi? Je, waona kama zamani? Mtoto asiyeweza kujibu, waangalie kama aficha uso penye mwanga. Wasitie kitu jichoni. Wakikuta neno, wamjulishe Mtunza Hazina. Hayo tu.

Tatu, mtu yeyote wa damu yetu aliyepona ugonjwa wa kuogofya ng'ambo ya mto, akirudi na karatasi yake ya hospitali, apokewe na chama kama mgonjwa yeyote aliyepona. Achinjiwe jogoo wake. Kisha aulizwe yale maswali matatu, na aende kuangaliwa macho kwa nauli ya chama. Tukimficha au tukimfukuza, atalificha jicho lake mpaka lipofuke, nasi tutakuwa tumemwongezea ugonjwa wa pili juu ya ule alionusurika.

Najua yuko atakayesema kwamba hazina ni ndogo. Ni kweli, hazina ni ndogo. Lakini mtu aliyepofuka hashoni nyavu, hapaliliwi shamba na mwingine siku zote, na mtoto wa shule huondolewa darasani ili amshike fimbo na kumwongoza. Nyumba hiyo itakuja kwetu kuomba msaada mwaka baada ya mwaka. Nauli ya siku moja si ghali kuliko hayo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekwisha jenga kuta nyingi.

Wazee wangu, mama yangu aliyenilea aliishi miaka mingi, na kila mara aliponitazama aliliangalia jicho hili la kushoto kwanza. Hakusema neno, nami sikumwuliza. Alidhani alifanya kosa. Lakini kosa halikuwa lake. Hapakuwa na mtu katika mtaa ule aliyepewa kazi ya kukumbuka. Leo tunaweza kumpa mtu kazi hiyo. Nawaomba mfanye hivyo kabla hatujafunga mkutano.

Mungu awalinde nyote, na awalindie nuru ya macho yenu na ya watoto wenu.